Kinachowachosha wauguzi wa dialisisi

Muuguzi wa wodi ya upasuaji humpokea mgonjwa, humhudumia siku chache, kisha huagana naye. Wa chumba cha wagonjwa mahututi humpigania mtu kwa wiki moja au mbili, mambo yakaisha kwa heri au kwa msiba. Muuguzi wa dialisisi hana mwisho wa namna hiyo. Mgonjwa wake, ambaye figo zake zimeshindwa kabisa, huja mara tatu kwa wiki, huunganishwa na mashine ya kusafisha damu kwa takriban saa nne, huenda zake, na baada ya siku moja au mbili yuko mlangoni tena. Kwa mwaka hiyo ni mizunguko 156. Anayetumia fistula (mshipa ulioandaliwa mkononi kwa upasuaji) huchomwa sindano mbili nene katika kila mzunguko, yaani zaidi ya sindano 300 kwa mwaka, na nyingi kati ya hizo huchomwa na mikono ileile michache. Hali huendelea hivyo hadi mgonjwa apandikizwe figo, ahamie njia nyingine ya matibabu, au afariki.

Uchovu wa wauguzi hawa huelezwa mara nyingi kwa njia mbili rahisi: ama kazi ni nyingi mno, ama muuguzi mwenyewe hana moyo wa kuhimili. Maelezo ya kwanza yana ukweli, ila hayatoshi. Ya pili yanawaonea. Ninavyoliona mimi jambo hili, mzizi wake ni mgongano ulio ndani ya kazi yenyewe: huduma hii hujengwa juu ya uhusiano wa miaka, lakini hupangwa kwa dakika za mashine. Muuguzi anatakiwa amjue mgonjwa kwa undani, ajue anavyonyamaza presha inapoanza kushuka na anavyokunja uso sindano ikikosea njia, na papo hapo ahakikishe ametoka kitini kwa wakati ili anayefuata aingie. Mambo haya mawili yanavutana kila siku, na anayevutwa ni mtu mmoja.

Ni uchovu wa aina gani?

Msongo wa kazi na uchovu sugu wa kazi si kitu kimoja. Mwenye msongo bado anapambana. Moyo unamwenda mbio, usingizi ni wa mang'amung'amu, hasira ziko karibu, lakini akipata siku kadhaa za mapumziko hurudi na nguvu. Uchovu sugu ni pale mapumziko yanapoacha kurudisha kilichopotea. Mtu anarudi kutoka likizoni, na kufikia saa sita mchana wa siku ya kwanza ni kama hakuwahi kuondoka.

Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika kuhusu uchovu huu mwaka 1974, baada ya kuwatazama watu waliojitolea katika kliniki ya bure jijini New York: watu wenye ari kubwa kuliko wenzao, ambao baada ya muda walizimika kabisa. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson walichapisha dodoso la kuupima, ambalo hadi leo ndilo linalotumika zaidi duniani. Lina maswali 22 na hutazama mambo matatu. La kwanza ni kuishiwa nguvu za hisia, muuguzi akajiona hana tena cha kumpa mtu. La pili ni kumwona mgonjwa kama kitu: badala ya jina lake anakuwa "kiti namba sita" au "yule wa kateta", yaani mrija uliowekwa kwenye mshipa mkubwa wa damu. La tatu ni kuona kwamba kazi yako haizai lolote.

Hilo la tatu linastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa katika dialisisi lina sura yake. Idara nyingi za hospitali zina ushindi unaoonekana: jeraha limefunga, mtoto amezaliwa, homa imeshuka. Dialisisi ya muda mrefu haiponyi figo. Muuguzi anapofanya kazi yake vizuri kabisa, matokeo ni kwamba mgonjwa yuleyule anarudi keshokutwa akiwa hai, damu yake ikiwa imejaa tena sumu zilezile. Huo ni ushindi mkubwa, maana bila hiyo mashine angekufa. Lakini hauna tarehe wala sherehe, na usipotajwa na mtu yeyote hugeuka kuwa desturi tu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuweka uchovu sugu wa kazi katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, toleo lililoanza kutumika Januari 2022. Halikuuita ugonjwa. Liliueleza kuwa ni hali inayotokana na msongo wa kudumu wa mahali pa kazi ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Naona maelezo hayo yana uzito mkubwa kwa mjadala wetu, kwa sababu yanaelekeza kidole kwenye mpangilio wa kazi kabla ya kukielekeza kwa anayeifanya. Ndiyo maana pia si sahihi kuuchanganya na sonona. Sonona humfuata mtu hadi kwenye mambo aliyokuwa akiyapenda nje ya kazi. Uchovu sugu huanzia kazini, na mwanzoni muuguzi anaweza kucheka na wanawe jioni kama kawaida. Hata hivyo hali hizi mbili hukaa jirani, na uchovu ulioachwa miaka mingi unaweza kumfikisha mtu kwenye sonona.

Kuna jambo moja ambalo huwashangaza wasioijua kazi hii. Utafiti uliofanywa kwa wauguzi wa dialisisi wa Australia na New Zealand, ukachapishwa mwaka 2015, ulikuta kwamba wengi waliridhika na kazi yao, na bado takriban theluthi moja walikuwa wameishiwa sana nguvu za hisia. Kuipenda kazi na kuchoshwa nayo vilikaa ndani ya watu walewale. Wenye umri mkubwa zaidi walikuwa katika hali nafuu kuliko vijana. Huenda uzoefu hufundisha kuhimili, na huenda pia waliolemewa zaidi walikuwa wameshaondoka, hivyo hawakuwapo kujibu maswali.

Uhusiano uliozaliwa mwaka 1960

Mashine ya kwanza ya dialisisi iliyofaa kwa binadamu ilitengenezwa na daktari Willem Kolff nchini Uholanzi, na alianza kuitumia kwa wagonjwa mwaka 1943, nchi ikiwa chini ya utawala wa kijeshi wa Ujerumani. Lakini kila mara mgonjwa alipounganishwa, mishipa yake ya damu iliharibiwa, kwa hiyo matibabu hayakuweza kurudiwa bila kikomo. Yalimfaa mtu ambaye figo zake zingeamka zenyewe baada ya siku chache.

Hilo lilibadilika mwaka 1960 huko Seattle. Daktari Belding Scribner na wenzake waliweka mkononi mwa mgonjwa kijibomba cha plastiki ya Tefloni kilichounganisha ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) na vena (mshipa unaoirudisha) na kubaki hapo, tayari kwa mzunguko unaofuata. Mgonjwa wa kwanza, Clyde Shields, aliishi kwa dialisisi hadi mwaka 1971. Mwaka 1966 madaktari wa New York, wakiwamo Michael Brescia na James Cimino, walieleza njia bora zaidi: fistula, yaani ateri na vena za mgonjwa mwenyewe zinazoshonwa pamoja chini ya ngozi.

Kwa hiyo ni Scribner aliyezaa, pamoja na matibabu mapya, aina mpya ya uhusiano: mtu aliye hai kwa sababu ya mashine, miaka nenda miaka rudi, na mtu mwingine anayeiendesha mashine hiyo. Madaktari walikuja na kuondoka. Wauguzi ndio waliobaki kando ya kiti.

Matokeo yake kwenye nafsi za watumishi yalionekana mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1968, miaka sita kabla ya makala ya Freudenberger, jarida la Lancet lilichapisha kazi ya Atara Kaplan De-Nour na J. W. Czaczkes wa Jerusalem kuhusu matatizo ya kihisia ya timu ya dialisisi. Walieleza hisia za hatia, kumng'ang'ania mgonjwa kama mali yako, kumlinda kupita kiasi, na kujitenga naye. Ukiyatazama haya kwa haraka yanaonekana kupingana. Lakini anayemlinda mgonjwa kupita kiasi na anayemkwepa wanaelemewa na mzigo mmoja, na mara nyingi ni muuguzi yuleyule katika miaka tofauti ya kazi yake.

Saa ya kubadilishana

Anayetaka kuuona msongo wa kazi hii kwa macho asiende katikati ya matibabu. Katikati panaweza kuwa shwari: pampu zinazunguka, wengine wamelala, mtu anazungumza na jirani yake wa miaka yote. Aende wakati wagonjwa wa zamu ya kwanza wanatoka na wa zamu ya pili wanaingia.

Muuguzi mwenye wagonjwa wanne ana, kwa wakati mmoja, damu ya kurudisha mwilini mwa mmoja, matundu ya sindano ya kukandamiza kwa mwingine hadi yakauke, presha ya kupima kwa anayetaka kusimama huku ana kizunguzungu, na kumbukumbu za kuandika. Mashine lazima isafishwe kwa dawa. Mirija na chujio vifungwe upya, hewa iondolewe ndani yake, mipangilio ihakikiwe kwa kila mgonjwa. Nje kundi linalofuata limeshapimwa uzito na linaangalia saa, kwa sababu atakayechelewa kuunganishwa atachelewa kurudi nyumbani, na gari lililomleta halitamsubiri.

Katikati ya pilika hizo ndipo muuguzi anapotakiwa kuosha mikono ipasavyo kati ya mgonjwa na mgonjwa, kubadili glavu, kuisikiliza fistula kama bado inavuma, na kuuliza maswali ambayo hayana haraka: ulianguka? Ulipata homa? Unalala? Dakika zikibana, haya ndiyo ya kwanza kurukwa, kwani hakuna mashine inayolia yakirukwa. Na muuguzi anajua kwamba ameyaruka. Anatoka kazini akiwa amewaunganisha watu wote kwa wakati, ratiba imetimia, lakini dhamiri yake haijatulia. Nadhani hapa ndipo uchovu mwingi unapoanzia. Si idadi ya kazi zilizofanyika inayomla mtu, ni zile alizojua zilihitajika akaziacha.

Hatari nayo haiko mbali. Damu hutoka mwilini kwa kasi ya mililita 300 hadi 400 kwa dakika. Sindano ya kuirudisha ikichomoka bila kuonekana, mgonjwa anaweza kupoteza zaidi ya lita moja ndani ya dakika tano, na king'ora cha mashine hakitegemewi kuligundua hilo kila mara. Ndiyo sababu mkono wenye sindano hautakiwi kufunikwa kwa blanketi. Ndiyo sababu pia ule utulivu wa katikati ya matibabu ni wa mgonjwa peke yake, muuguzi hana. Ving'ora hulia mara nyingi kwa mambo madogo, mgonjwa amekunja mkono au mrija umebanwa, na sikio likizoea kelele zisizo na hatari huanza kuchelewa kuitikia ile moja yenye hatari.

Yapo hata yasiyoonekana kwa jicho. Mzunguko mmoja hutumia zaidi ya lita 100 za maji yaliyosafishwa, ambayo hupita karibu sana na damu ya mgonjwa, yakitenganishwa nayo na utando mwembamba tu. Mwaka 1996 katika mji wa Caruaru nchini Brazil, maji yenye sumu ya mwani yaliyotumika kwenye dialisisi yalisababisha vifo vya wagonjwa zaidi ya 50. Na kabla ya chanjo ya homa ya ini aina ya B, vitengo vya dialisisi vilikuwa mahali pa hatari kwa watumishi wenyewe. Katika mlipuko wa Edinburgh wa mwaka 1969 hadi 1970 walikufa wagonjwa na watumishi pia. Leo kuna chanjo na kanuni kali zaidi, lakini muuguzi bado hushinda karibu na damu ya watu kuliko karibu kila mtu mwingine hospitalini.

Ukaribu

Mgonjwa ambaye figo zake hazitoi mkojo hutakiwa kupunguza maji, chumvi, na vyakula vyenye potasiamu na fosforasi nyingi. Ni masharti magumu kuyaishi kila siku. Mtu anakuja na kilo nne au tano za maji ya ziada mwilini, na yote yanatakiwa kutolewa ndani ya saa nne. Yakitolewa kwa kasi, presha inaporomoka, misuli inakakamaa, mtu anatapika au anapoteza fahamu. Anayemhudumia katika hali hiyo ni yule aliyemshauri juzi apunguze maji. Humwonea huruma, na humkasirikia pia. Kisha hujilaumu kwa kumkasirikia mgonjwa. Mzunguko huo ukijirudia kwa miaka, muuguzi anajikuta amekuwa askari wa vikombe vya maji, kazi ambayo hakuisomea.

Wagonjwa nao wana maumivu yao. Kati ya watu wanaotibiwa kwa dialisisi, takriban mmoja kati ya wanne au watano ana sonona. Wengine wamepoteza ajira, ndoa, au nguvu za mwili, na hasira hutafuta pa kutokea. Mara nyingi humwangukia aliye karibu, yaani muuguzi. Kwingineko hospitalini, mgonjwa aliyekutukana hatimaye huruhusiwa akaondoka. Hapa aliyekutukana Jumatatu atanyoosha mkono Jumatano ili umchome sindano, nawe utatabasamu. Mwaka 1983 mwanasosholojia Arlie Hochschild alieleza, kwa kuwatazama wahudumu wa ndege, kwamba kuonyesha hisia ambazo huna ni kazi halisi inayomaliza nguvu halisi. Wahudumu wa ndege huagana na abiria wao ndege ikitua.

Kisha kuna vifo. Nchini Marekani, chini ya nusu ya wanaoanza dialisisi ya damu huwa hai baada ya miaka mitano. Maana yake ni kwamba muuguzi aliyekaa kitengo kimoja kwa miaka kumi ameshawazika wengi aliowajua kwa majina, aliojua wajukuu wao, na ambao pengine aliwashika mikono kwa saa nyingi kuliko ndugu zao. Habari humfikia vibaya. Anaingia asubuhi, anakuta jina limeondolewa kwenye ubao, na mtu mwingine amepangiwa nafasi ileile kwa sababu foleni ni ndefu. Mwaka 1989 Kenneth Doka aliandika kuhusu huzuni isiyotambuliwa na jamii, ile ambayo mwenye nayo haonekani kuwa na haki ya kuhuzunika. Muuguzi si ndugu wa marehemu, hana siku ya mapumziko ya msiba, na dakika kumi baadaye anamkaribisha mgonjwa mpya kwa uchangamfu ambao mgonjwa huyo anastahili kabisa kuupata.

Pengine gumu kuliko yote ni kuendeleza matibabu ambayo muuguzi moyoni haamini tena kwamba yanamsaidia mtu. Fikiria mzee aliyepoteza kumbukumbu, hajui yuko wapi, anaivuta mirija, analia akichomwa. Familia haiko tayari kusikia neno kuacha, daktari hajaketi nao, na ratiba inasema leo ni siku yake. Mwanafalsafa Andrew Jameton alieleza mwaka 1984 mateso ya dhamiri yanayompata muuguzi anayejua lipi ni jema lakini akazuiwa na mfumo kulitenda. Mgonjwa akisitisha dialisisi hufariki, kwa kawaida ndani ya wiki moja au siku kumi hivi, kwa hiyo mazungumzo hayo ni mazito, na si haki kumwachia muuguzi peke yake, huku sindano iko mkononi.

Ushauri unaotolewa mara nyingi kwa wauguzi vijana ni kwamba wasijihusishe sana na wagonjwa. Siukubali. Ni ukaribu huohuo unaomwezesha muuguzi kugundua kwamba mgonjwa mcheshi leo yuko kimya isivyo kawaida, akaitazama presha dakika mbili kabla haijaporomoka. Na ni ukaribu huohuo wanaoutaja wauguzi wanapoulizwa kwa nini bado wako. Ukiuondoa unabaki na fundi mitambo aliyechoka, na mgonjwa asiye na mtu.

Mgonjwa naye hulipa

Utafiti wa Linda Aiken na wenzake, uliochapishwa mwaka 2002 na kuhusu hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, ulionyesha kwamba kila mgonjwa wa ziada aliyeongezwa kwa muuguzi mmoja wa upasuaji uliendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30, na asilimia 23 la uwezekano wa muuguzi kuwa na uchovu sugu. Hiyo ilikuwa upasuaji. Upande wa dialisisi, utafiti wa Marekani wa Linda Flynn na wenzake wa mwaka 2009 ulikuta takriban muuguzi mmoja kati ya watatu ana uchovu sugu, na uchovu huo ulihusiana na wingi wa wagonjwa, mazingira ya kazi yasiyo na msaada, na kazi za uuguzi zilizoachwa bila kufanyika.

Tunarudi palepale: kazi zilizoachwa. Muuguzi mwenye uzoefu akiondoka huenda na ramani ya mishipa ya watu. Anajua fistula ya fulani huchomwa kwa pembe ipi na wapi isiguswe kabisa. Mgeni atajifunza, lakini kwa michubuko kwenye mkono wa mgonjwa. Kisha waliobaki hubeba zamu za aliyeondoka huku wakimfundisha mgeni, wakachoka zaidi, na mwingine akaondoka.

Kinachosaidia

Mafunzo ya kupumua taratibu, kutafakari na kujitunza yana manufaa, na sina nia ya kuyabeza. Lakini mtu akirudi kutoka kwenye mafunzo hayo akakuta wagonjwa ni walewale sita na dakika ni zilezile, faida yake huisha upesi. Tena kuna ubaya uliojificha: kituo kinachotoa semina tu huwa kimewaambia wauguzi, bila kutamka, kwamba tatizo ni wao.

Mwaka 1979 Robert Karasek alieleza kwamba kazi inayoumiza zaidi ni ile yenye madai makubwa na uhuru mdogo wa kuamua. Katika dialisisi madai hayawezi kupunguzwa sana, lakini uhuru unaweza kuongezwa, na mahali pa kuanzia ni ratiba. Wagonjwa wote wanne wakiitwa kwa saa moja, wote watamaliza kwa saa moja. Wakipishana kwa dakika 15 au 20 kila mmoja, ile saa ya kubadilishana hutawanyika, na muuguzi hupata mikono miwili kwa mtu mmoja. Haigharimu mashine mpya. Inahitaji wauguzi waipange wenyewe na usafiri wa wagonjwa uendane nayo, jambo ambalo kwa kweli huchukua majadiliano marefu.

Idadi ya wagonjwa kwa muuguzi lazima iwekwe, na ilindwe siku watumishi wawili wanapougua. Jimbo la California lilipitisha mwaka 1999 sheria ya viwango vya wauguzi hospitalini, ikaanza kutekelezwa mwaka 2004, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema jambo hili haliwezekani. Lakini namba tupu haitoshi. Wagonjwa wanne wanaotembea wenyewe na wenye fistula imara hawalingani na wanne ambao wawili wanainuliwa kutoka kiti cha magurudumu na mmoja ana kateta yenye dalili za maambukizi.

Kuna ubishi kama mgonjwa awe na muuguzi wake mmoja au wauguzi wazungushwe. Muuguzi mmoja humjua mgonjwa vizuri, lakini huelemewa asipate pa kutokea. Kuwazungusha wote huwapumzisha, lakini mgonjwa hujikuta kila siku na mgeni. Mimi naelekea kwenye kikundi kidogo cha wauguzi wawili au watatu kwa wagonjwa walewale, wenye ruhusa ya kuambiana bila aibu: leo siwezi na fulani, mchukue wewe. Sentensi hiyo inatakiwa iwe ya kawaida kama kuomba msaada wa kumgeuza mgonjwa kitandani. Na mgonjwa anayetukana au kutishia azungumziwe na msimamizi, kwa utaratibu ulioandikwa, badala ya kuachiwa aliyetukanwa.

Kuhusu vifo, mambo madogo yana uzito. Msimamizi awapigie au awaandikie wauguzi kabla hawajaukuta ubao umebadilika. Zitengwe dakika chache, kabla ya zamu, za kumtaja aliyeondoka. Katika miaka ya 1990 huko Boston vilianzishwa vikao vinavyoitwa Schwartz Rounds, ambamo watumishi wa ngazi zote hukutana kuzungumzia upande wa kihisia wa kazi yao badala ya dawa na vipimo, na vimeenea katika hospitali za nchi kadhaa. Thamani yake kwa dialisisi naiona hasa pale daktari bingwa anaposema mbele ya wauguzi kwamba na yeye hakulala. Daktari huyohuyo ndiye anayepaswa kuketi mapema na mgonjwa na familia kuhusu malengo ya matibabu, angali mgonjwa anaweza kujisemea, na kumpa muuguzi nafasi mezani, kwa kuwa ndiye aliyemsikia mgonjwa akisema mambo saa mbili usiku, mashine ikizunguka.

Kwa muuguzi anayesoma haya na kujiona ndani yake, ziangalie dalili zinazokuja kimya: kufurahi mgonjwa mgumu anapokosa kuja, kutokumbuka umefikaje kazini, kuanza kuwaita watu kwa namba za viti, kutosikia chochote mtu uliyemhudumia miaka minne anapofariki. Hazimaanishi kwamba umekuwa mtu mbaya. Mwambie mtu unayemwamini nje ya mstari wako wa uongozi, na kama huzuni imekufuata hadi nyumbani, au mawazo ya kujidhuru yamekupitia, nenda kwa daktari au mshauri wa afya ya akili leo, usingoje likizo.

Likizo yenyewe isitumiwe kama tiba pekee. Anayerudi kutoka mapumziko ya kiafya hatakiwi kurudishwa moja kwa moja kwenye zamu ileile iliyomvunja. Aanze na wagonjwa wachache, mbali na saa ya kubadilishana. Au apewe kwa miezi kadhaa kazi ya kuwafundisha wagonjwa wanaotaka kufanyia dialisisi nyumbani, iwe ya mashine au ya tumboni, ambayo husafisha damu kwa kutumia utando wa ndani ya tumbo. Huko muuguzi hukaa na mtu mmoja kwa utulivu, humwona akijifunza hatua kwa hatua kujihudumia, na siku moja humsaini kwamba amehitimu.